VYAELEA VIMEUNDWA, LAKINI JE, VIMEPIMWA?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hiyo hutajwa kila siku maofisini na madarasani kumkumbusha mvivu kwamba hakuna kizuri kinachojitokeza chenyewe bila jasho la mtu. Lakini walioitunga walikuwa watu wa pwani, nao walikuwa wakisema hasa juu ya vyombo vya majini. Kwao kuelea kulikuwa ni ushahidi wa kazi. Fundi aliyeunda vibaya hakuhitaji kusutwa na mtu. Bahari yenyewe ilimsuta.

Katika vijiji vya mwambao, na vile vile kandokando ya maziwa makubwa, vyombo vingi vya uvuvi bado vinaundwa pale pale kijijini, chini ya kivuli cha mwembe au banda la makuti, na mafundi ambao hawachori ramani yo yote katika karatasi. Siku ya kukishua chombo kipya huwa ni siku ya furaha. Majirani huitwa, ubani huchomwa, dua husomwa, wali hupikwa, na wazee kwa vijana hushika kamba wakakivuta chombo kwa wimbo mpaka maji yakipokee. Kinapoelea, vigelegele husikika ufukwe mzima.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika sehemu nyingi shughuli huishia hapo. Siku chache baadaye chombo hupakiwa nyavu, mashine, mafuta na barafu, kikaenda mbali na watu sita au saba ndani yake, bila mtu ye yote kujua kinaweza kuchukua uzito gani, kitalala kiasi gani upepo ukikipiga ubavuni, wala kitafanya nini kikijaa maji. Majibu ya maswali hayo hupatikana huko huko baharini, usiku, mahali ambapo hakuna wa kuyaandika. Mara nyingine hakuna hata wa kuyaleta nyumbani.

Ni dhahiri basi kwamba kukishua chombo kusihesabiwe kuwa mwisho wa kazi ya kuunda. Ni mwanzo wa sehemu yake ya mwisho, yaani majaribio. Majaribio hayo hayahitaji maabara wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji siku tatu au nne, magunia ya mchanga, kamba, saa ya mkononi, daftari, na watu walio tayari kuukubali ukweli watakaouona.

UJUZI USIODHARAULIWA

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa fikira moja potofu. Wako watu, hasa miongoni mwa waliosoma, wanaodhani kwamba chombo kisichochorwa kwanza karatasini hakina elimu ndani yake. Huko ni kukosa kuelewa. Kitabu cha mabaharia na wafanyabiashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kijulikanacho kwa jina la Periplus, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki pamoja na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, uliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mpaka leo mtu akifika Nungwi katika kisiwa cha Unguja, au Bagamoyo, au Kilwa, au Matondoni huko Lamu, atawakuta mafundi wakilaza mkuku, wakisimamisha mataruma na kupiga kalafati kwa pamba na mafuta, huku vipimo vyao vikiwa ni dhiraa, shibiri na jicho.

Jicho hilo halikuja kwa bahati. Umbo la mashua au la ngalawa ni kumbukumbu ya majaribio ya mamia ya miaka. Kila chombo kilichopinduka kiliwafundisha mafundi waliobaki; kila kilichorudi salama kiliigwa. Ngalawa, kwa mfano, ni gogo jembamba ambalo peke yake lingepinduka kwa pumzi ya mtoto. Mirengu yake miwili, mmoja kila upande, ndiyo inayoliwezesha kubeba tanga kubwa. Aliyeigundua hesabu hiyo hakuiandika, lakini hesabu ilikuwa sahihi, na wavuvi wanakula kwa hesabu hiyo mpaka leo.

Fundi wa kijijini kwa hiyo asiambiwe kwamba hajui. Anajua sana kile ambacho wazee wake walikijaribu. Shaka inaanza pale anapotakiwa kuunda kile ambacho wazee wake hawakupata kukijaribu.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Na mambo hayo ambayo hayakujaribiwa yameongezeka. La kwanza ni mbao. Mivule mikubwa iliyonyooka imekuwa adimu na ghali, na mara nyingi fundi hulazimika kutumia mbao za miti mingine, ambazo zina uzito tofauti na hazikuachwa kukauka vya kutosha. Ubao mbichi ukipigwa jua husinyaa, ukaacha nafasi ambazo kalafati haiwezi kuzijaza zote. Chombo cha umbo lile lile, kikiundwa kwa mbao nzito zaidi, hukaa chini zaidi majini hata kabla ya kupakiwa kitu.

La pili ni mashine. Mashua ya tanga iliundwa ili uzito wake ukae katikati na chini, ambapo mawe ya farumi hupangwa. Leo nyuma yake hufungwa mashine ya nguvu ya farasi 15, ambayo yenyewe ina uzito wa kilo 35 mpaka 50 hivi, na karibu yake huwekwa mapipa ya petroli. Lita 40 za petroli ni kama kilo 30. Hapo hapo nyuma anakaa mwendeshaji. Omo huinuka, tezi hushuka, na wimbi linalokuja kwa nyuma hukuta ukingo ukiwa chini kuliko ulivyokusudiwa. Tena mashine husukuma na kutikisa sehemu ya chombo ambayo fundi wa zamani hakuiimarisha kwa kazi hiyo.

La tatu ni shehena. Nyavu za nailoni ni ndefu kuliko zile za zamani, barafu huchukuliwa kwa masanduku, na samaki waliopungua karibu na ufuko huwavuta wavuvi kwenda mbali zaidi na kukaa huko muda mrefu zaidi. Chombo kilichokuwa kikirudi kabla ya adhuhuri sasa hulala nje. Kilichokuwa kikibeba watu watatu sasa hubeba saba.

Hapana hata moja kati ya mambo hayo matatu lililo ovu. Wananchi wana haki ya kupata mashine, na taifa linahitaji samaki. Lakini kila badiliko huufuta ukurasa mmoja katika kumbukumbu ile ya wazee. Mwenye kubadili mbao, nguvu na mzigo kwa pamoja hawezi tena kusema, "hivi ndivyo babu alivyounda," kwa sababu babu hakuunda hivyo. Hana budi kupima upya.

SIKU YA KUKISHUA

Majaribio huanza kabla ya maji kukigusa chombo. Katika mwambao wa Tanzania, maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, ambapo maji mafu hubadilika kwa kiasi kidogo tu. Kwa sababu hiyo chombo kizito hushuliwa siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, ili maji yenyewe yafanye sehemu kubwa ya kazi. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, wasema wazee, na magogo ya kukitelezeshea yapangwe karibu karibu ili mkuku usibaki ukining'inia katikati bila kuegemea kitu. Mkuku ukipinda siku hiyo, hautanyooka tena. Kamba ya kukizuia nyuma ni ya lazima kama ile ya kukivuta mbele, na hakuna mtu anayepaswa kupita chini ya ubavu wake, hata kama ni mwenye chombo mwenyewe.

Kikishaelea, kazi ya kwanza ni subira. Chombo cha mbao kilichokaa juani kwa miezi lazima kivuje. Mbao hunywa maji, hufura, na viungo hukazana. Basi kifungwe mahali penye maji shwari, kisipakiwe kitu, na maji ya ngama yatolewe kila saa kwa ndoo inayojulikana kipimo chake. Idadi ya ndoo iandikwe. Ikiwa siku ya kwanza zilitolewa ndoo kumi kwa saa, siku ya pili nne, na siku ya tatu moja, chombo kinajifunga chenyewe na hakuna la kuhofia. Ikiwa siku ya tatu bado ni ndoo kumi, hapo pana tundu, au ubao uliopasuka, au kalafati iliyorukwa. Chombo kipandishwe ufukoni na mahali hapo patafutwe. Tofauti kati ya hali hizo mbili haionekani kwa macho. Inaonekana katika daftari tu.

UZITO NA UTULIVU

Baada ya hapo unakuja mzigo. Nje ya chombo, mbele, katikati na nyuma, zipigwe alama za rangi zinazoonyesha kimo cha maji kikiwa kitupu. Kisha magunia ya mchanga yaliyopimwa, ya kilo 50 kila moja, yapangwe mahali ambapo samaki, barafu na nyavu vitakaa. Kila magunia manne yakiingia, kimo cha maji kiandikwe tena.

Hesabu yake ni ya darasani. Chombo ambacho eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 7 kitahitaji kusukuma lita 70 za maji ili kizame sentimeta moja, yaani kitachukua kama kilo 70 kwa kila sentimeta. Kilo 700 zitakizamisha sentimeta 10. Mwenye kuijua hesabu hiyo anajua, akiwa amekaa ufukoni, ni mzigo gani utakaoacha ukingo wa kutosha juu ya maji na ni upi utakaouleta ukingo karibu na mawimbi. Kwa wale wa maziwani, maji matamu yana uzito wa kilo 1,000 kwa kila mita moja ya ujazo, na ya bahari kama kilo 1,025. Kwa hiyo chombo kile kile huzama zaidi kidogo katika Ziwa Victoria kuliko baharini.

Lakini kimo cha ukingo peke yake hakitoshi. Chombo kinaweza kuwa na ukingo mrefu na bado kikawa chepesi kupinduka. Jaribio la pili ni hili: chombo kikiwa kimepakiwa, mabaharia wote wasimame upande mmoja, kama wanavyofanya wakati wa kuvuta jarife lililojaa. Ukingo wa upande huo ushuke kiasi gani? Ukibaki vidole viwili tu juu ya maji katika hori tulivu, basi baharini wimbi la kwanza litaumaliza. Jaribio hilo lifanywe karibu na ufuko, penye maji ya kifuani, watu wote wakiwa wanajua kuogelea na mtumbwi mwingine ukiwa karibu.

Jaribio la tatu linahitaji saa. Chombo kitikiswe upande kwa upande, kisha kiachwe kiyumbe chenyewe, na muda wa kuyumba kutoka upande mmoja mpaka kurudi upande huo huo upimwe mara kadhaa na kutafutiwa wastani. Mabaharia wa nchi nyingi hutumia kanuni rahisi: ikiwa idadi ya sekunde ni ndogo kuliko idadi ya mita za upana wa chombo, hiyo ni dalili ya utulivu mzuri. Chombo chenye upana wa mita 2 basi kiyumbe kwa muda usiofika sekunde 2. Kanuni hii haichukui nafasi ya majaribio mengine, na chombo kisicho na sitaha kinahitaji pia ukingo wa kutosha. Lakini inafundisha jambo moja ambalo wengi hulielewa kinyume. Chombo kinachorudi haraka, hata kama kinawasumbua walio ndani, ndicho kilicho imara. Kile kinacholala polepole, kikatua, kikafikiri, kisha kikarudi kwa uvivu, kinachosifiwa kwa "upole" wake, ndicho cha kuogopwa.

Na liko jaribio la nne, ambalo wenye vyombo hulichukia kuliko yote: kukijaza chombo maji kwa makusudi. Ubao unaelea, lakini mashine, misumari, nanga na mawe ya farumi havielei. Je, chombo kilichojaa maji mpaka ukingoni kitabaki juu pamoja na watu walioking'ang'ania, au kitakwenda chini? Mashine iondolewe, uzito ulio sawa na wake uwekwe mahali pake, na maji yaingizwe. Ikiwa kinazama, dawa yake haina gharama kubwa. Dumu tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara na kukazwa chini ya mabao ya kukalia, huinua karibu kilo 20. Madumu kumi ni karibu kilo 200. Hayo ndiyo yanayoweza kuwa tofauti kati ya watu saba kushika chombo mpaka asubuhi na watu saba kutoonekana tena.

UPEPO NA MASHINE

Mwisho kabisa ndipo chombo kiende matembezi, na matembezi hayo yafanywe mchana, upepo ukiwa wa wastani, bila nyavu. Kubisha dhidi ya upepo kutaonyesha kama mlingoti umesimamishwa mahali pake na kama usukani unatii. Tanga lipunguzwe na kuteremshwa ghafla, kama itakavyohitajika siku ya dhoruba, ili ijulikane kama foromali inakwama. Nanga itupwe na chombo kiachwe kivutane nayo. Mashine ikimbizwe kwa nguvu zake zote kwa muda wa nusu saa, kisha viungo vya nyuma vikaguliwe kwa tochi kuona kama vimeanza kuachana. Halafu mashine izimwe, na mabaharia watakiwe kukirudisha chombo ufukoni kwa tanga au kwa makasia. Wengi huenda baharini na makasia mawili ambayo hawajapata kuyatumia, wakaja kugundua siku ya shida kwamba ni mafupi mno kuyafikia maji.

KUPIMA BILA KUSIKILIZA

Pamoja na hayo yote, kupima hakumwokoi mtu asiyesikia majibu. Historia ina mfano mmoja ambao kila mtumishi wa umma angefaa kuujua. Mwaka 1628 huko Stockholm, serikali ya mfalme wa Sweden ilikuwa imeunda manowari kubwa iliyoitwa Vasa. Kabla haijaondoka, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia juu ya sitaha kutoka ubavu hadi ubavu ili kuupima utulivu wake. Walipokwisha kukimbia mara tatu tu, meli iliyumba vibaya sana hata jaribio likasimamishwa kwa kuogopa kwamba ingepinduka pale pale bandarini. Amiri aliyekuwapo aliyaona kwa macho yake. Lakini mfalme alikuwa akiingoja meli, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema isiende. Tarehe 10 Agosti mwaka huo ilitweka matanga, ikasafiri mita kama 1,300, ikalazwa na upepo, maji yakaingia katika madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya umati uliokuja kuishangilia. Ilikuja kuopolewa mwaka 1961, na leo iko katika jumba la makumbusho.

Meli ile haikukosa kipimo. Ilikosa mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kukitii kipimo. Nchi hii nayo imelipa gharama kubwa kwa kutojali kile ambacho chombo kinaweza kubeba. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuchukua maisha ya mamia ya wananchi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi kilichowekewa. Hivyo vilikuwa vyombo vya abiria, na habari zake zilijaza magazeti. Mashua ya uvuvi inapopotea na watu watano haijazi magazeti, lakini maji hayana sheria mbili, moja ya meli na nyingine ya mashua.

VISINGIZIO

Hapana shaka wako watakaotoa sababu za kutopima. Wa kwanza ni mwenye chombo, atakayesema kwamba amekopa fedha na kila siku chombo kinapokaa ufukoni deni linakua. Maneno yake ni ya kweli. Lakini siku tatu za majaribio ni ndogo kuliko msimu mzima wa kukipandisha chombo na kukirekebisha, na ni ndogo zaidi kuliko kupoteza chombo, mashine na mabaharia huku deni likibaki pale pale.

Wa pili ni fundi, anayeona kwamba kupimiwa kazi yake ni kutiliwa shaka mbele ya watu. Hapa hekima inahitajika. Fundi asipimiwe, apime yeye mwenyewe, awe ndiye kiongozi wa majaribio, na siku zake hizo alipwe kama siku za kazi. Heshima ya fundi haipungui kwa kuongeza tofali moja la farumi au kupunguza shibiri moja ya mlingoti. Inapungua chombo chake kinaposemwa vibaya misibani.

Wa tatu ni yule asemaye kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni faraja kwa waliofiwa, nayo ni ya haki mahali pake. Lakini haikutungwa iwe ruhusa ya uzembe. Jambo linaloweza kujulikana ufukoni kwa magunia ya mchanga, likaachwa mpaka lijulikane usiku wa kusi, halistahili kuitwa ajali.

WAJIBU WA OFISI NA WA SHULE

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya uvuvi viandikishwe na kuwa na leseni. Hilo ni jema. Lakini ukaguzi unaoishia kwenye kupima urefu kwa futi kamba, kuandika namba ubavuni na kukata stakabadhi haumwambii mvuvi jambo lo lote kuhusu chombo chake. Afisa anayefika ufukoni chombo kikiwa bado juu ya magogo ameona nusu tu ya kile alichotumwa kukiona. Angefaa afike pia siku ya magunia ya mchanga, asiwe kama askari wa kutafuta kosa, bali kama shahidi na mshauri.

Kinachohitajika ni karatasi moja tu kwa kila chombo kipya: aina ya mbao, urefu, upana, ndoo za siku ya tatu, kimo cha ukingo kikiwa kitupu na kikiwa na mzigo, sekunde za kuyumba, idadi ya watu, na uzito usiopitwa. Nakala moja akae nayo mwenye chombo, moja fundi, na moja iwekwe katika ofisi ya kijiji. Alama ya mzigo ichorwe ubavuni kwa rangi, ili hata asiyejua kusoma aione. Pale ambapo chama cha ushirika au benki inatoa mkopo wa chombo, sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ingojee karatasi hiyo, na gharama ya majaribio ihesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Karatasi hizo zikikusanywa kwa miaka kumi katika wilaya moja, zitakuwa hazina ambayo hakuna mtaalamu wa nje awezaye kuileta: kumbukumbu ya umbo gani, kwa mbao gani na kwa mashine gani, linafaa katika maji yale.

Na walimu? Shule nyingi za pwani na za maziwani ziko hatua chache tu kutoka mahali ambapo vyombo huundwa. Ndani ya darasa mwanafunzi anakariri kanuni ya Archimedes. Nje ya dirisha baba yake anaisukuma juu ya magogo. Hesabu ya sentimeta na kilo, wastani wa sekunde, uzito wa maji matamu na ya chumvi, vyote hivyo ni masomo ya sayansi na hisabati yaliyokwisha kutayarishwa na mazingira yenyewe. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi wake siku ya majaribio wakiwa na madaftari, fundi atapata waandishi bila malipo, na wanafunzi watamwona fundi kwa jicho jipya. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isitenganishwe na kazi za watu wanaoizunguka. Hapa shughuli iko tayari, na haihitaji bajeti.

Iko faida nyingine. Mafundi wengi wamezeeka, na vijana hawavutwi na kazi ambayo haiandikwi, haihesabiwi na haiheshimiwi na wenye vyeti. Ujuzi uliopimwa na kuandikwa hurithishwa kwa urahisi kuliko ule unaobaki katika mikono ya mtu mmoja. Mzee akifariki leo na jicho lake, mashua ya kesho itaundwa kwa kubahatisha.

Basi wakati wa kukishua chombo kinachofuata, ubani na uchomwe, dua isomwe, wali upikwe na nyimbo ziimbwe. Hayo ni ya haki, kwani miezi mingi ya kazi imefikia tamati. Lakini vigelegele vikishatulia, afisa uvuvi, mwalimu, fundi na mwenye chombo wabaki ufukoni na magunia yao ya mchanga. Chombo kikikataa, kirudi juu ya magogo pasipo aibu kwa mtu. Kikikubali, alama yake ya mzigo ichorwe pale pale, mabaharia wote wakitazama, na nahodha atakayeipita aulizwe kwa nini.